Kompyuta ya Kufugishwa

Nyamisangura, Tarime
12 Februari 2025

Mwanangu Regina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na chaki zako. Sisi hapa tunaendelea kwa kiasi chetu. Mama yako mkubwa Christina alitoka hospitali Mwanza mwezi uliopita, baada ya kupasuliwa. Sasa anatembea mpaka getini na kurudi, na ameanza tena kunisahihisha ninapoongea na wageni, kwa hiyo najua anapona. Baba yako Wiliam alipita Jumapili, akala, akalalamika mvua zimechelewa, akaondoka. Shamba la Turwa limeshalimwa, linasubiri.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya boksi hili la biskuti utakuta vipande viwili vya memori ya kompyuta yako, nimevifunga kwenye gazeti. Vimekufa. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mimi nasikia nusu na kujibu kwa kelele, na vilevile jambo hili si la simu. Desturi unaijua. Ukimfugisha mtu ng'ombe wako, maziwa ni ya anayefuga na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, aliyekuwa anamfuga haji mikono mitupu kusema amekufa. Anakuja na ngozi, ili ujue hakumuuza mnadani wala hakumla na marafiki zake. Wewe uliniachia hii kompyuta kubwa ulipopangiwa Mbalibali kwenye nyumba isiyo na umeme. Ukanifundisha kuchora ramani za nyumba kwa mausi, mimi niliyechora kwa kalamu na rula ofisi ya ardhi mpaka nikastaafu. Maziwa nimekunywa kweli. Anayetaka kibali cha ujenzi huku kwetu anaanzia kwangu. Basi pokea ngozi.

Kifo chenyewe kilikuwa hivi. Nilikuwa namchorea Mzee Nyangwine nyumba ya vyumba vitatu, ikajizima katikati ya choo. Kuiwasha, ikalia tii, tii, tii, halafu kimya. Nikaangalia YouTube kwenye simu, mzungu mmoja mwenye ndevu akasema mlio wa namna hiyo ni memori. Nilifungua kwa bisibisi ya cherehani. Mimi ndiye nilikuwa daktari, mimi ndiye niliyethibitisha kifo, na mimi ndiye niliyeongoza mazishi. Nimeweka memori mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, na inakwenda vizuri. Skrubu moja ilibaki mkononi na sijui ilitoka wapi. Nimeiweka kwenye kikombe.

Hivi, kompyuta yako unaitaka lini? Nauliza tu.

Mfugaji wako,
baba yako mkubwa,
Nchagwa Waitara


Mbalibali, Serengeti
3 Machi 2025

Shikamoo baba mkubwa, na mama mkubwa nampa shikamoo yake kando, asije akasema nimemchanganya na wewe.

Nimefurahi mno kusikia anatembea. Mwambie nikija nataka tufike getini na tuvuke barabara. Huku tu wazima. Mvua imenyesha mara moja kwa hasira, ikaondoka na kibanda cha kuku cha jirani yangu. Wafugaji wameshusha ng'ombe mtoni na wakulima wameshaanza kugombana nao, maana yake mwaka umeanza kama kawaida.

Ngozi nimepokea. Konda wa basi la Mugumu aliniuliza kama ni dawa, nikamwambia ni marehemu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nakupa na habari za shule, kwa kuwa wewe ni mtu wa shule. Tumepata umeme. Nguzo zimefika mpaka nyumba za walimu, na juzi nilichemsha chai kwa birika la umeme nikijisikia mkurugenzi. Jambo la pili ni kwamba mkuu wetu wa shule, Mwalimu Desderius, amesema somo la kompyuta litafutwa muhula wa pili ikiwa mpaka shule zinafunguliwa Julai hakutakuwa na hata mashine moja darasani. Simlaumu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta ninayefundisha kwa chaki. Nimechora kibodi kwenye karatasi ya manila, wanafunzi wanakuja mmoja mmoja kubonyeza herufi za karatasi, na mimi nasema kwa mdomo kitakachotokea. Mkaguzi alipouliza mashine iko wapi nilijibu iko Tarime. Sasa ofisi ya walimu wamepata msemo. Chumvi ikiisha, iko Tarime. Mshahara ukichelewa, uko Tarime. Kidato cha tatu wanalipenda somo hili kuliko somo lolote ninalofundisha, na mimi vilevile, na likifutwa nitabaki na hesabu peke yake. Sitaki kubaki na hesabu peke yake.

Nimekwambia tu, ni habari za shule.

Kuhusu mgonjwa, nina maswali. Inapojizima, ukiligusa kasha lina joto? Iko mezani au sakafuni? Mara ya mwisho kupuliza vumbi ndani ilikuwa lini? Na imefunikwa na nini?

Mwanao,
Regina


Nyamisangura
30 Machi 2025

Mwanangu Regina,

Marahaba, na mama yako mkubwa naye amesema marahaba yake kwa sauti, kutokea chumba cha pili. Amefika barabarani. Hakuvuka kwa sababu pikipiki zilikuwa nyingi, siyo kwa sababu ya miguu, anataka ulijue hilo. Mvua imekuja, mahindi yameota. Hongera ya umeme. Nilimsomea mama yako mkubwa ile habari ya kibodi ya manila akacheka mpaka akashika mshono.

Nasikitika kukuletea msiba mwingine. Boksi hili ni zito. Humo ndani mna pawa saplai, ile inayogawa umeme, na grafiksi kadi, ile inayoleta picha kwenye skrini. Walifuatana kwa wiki moja kama ndugu wa tumbo moja. Mashine ilikuwa inajizima bila hata kulia, nachora mstari mmoja inakufa, naiwasha inakaa muda wa kunywa chai, inakufa tena. Nikatoa pawa saplai, nikaweka nyingine kutoka mjini, ikapona kabisa. Siku chache baadaye ikarudia, skrini ikajaa mistari ya rangi kama kitenge. Nikatoa grafiksi, nikaweka nyingine, ikapona kabisa. Sasa nina hakika tumeumaliza ugonjwa, kwa sababu vya kufa vimekaribia kwisha.

Lakini usidhani ni vifo tu. Nilipoifungua niliweka na hadi diski ya kisasa, ile SSD uliyoniambia mwaka jana, kitu chembamba kama kipande cha sabuni ya hotelini. Regina, inawaka kabla sijavaa miwani. Zamani nilikuwa naiwasha, naenda kuwapa kuku maji, nakoga, narudi bado inawaza. Sasa inanisubiri mimi. Nilikaa mbele yake nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa sijawa tayari.

Majibu ya maswali yako. Ndiyo, lina joto, ukiweka mkono hukai nao muda mrefu. Iko mezani, meza yangu ile ya mninga. Vumbi nilipuliza Januari kwa pampu ya baiskeli.

Kazi zipo nyingi. Kuna mama mmoja kutoka Turwa ambaye tumechora nyumba yake upya kila mara anapogombana na mumewe, leo chumba cha mkwe kipo, kesho hakipo.

Hukuniambia unaitaka lini.

Baba yako mkubwa,
Nchagwa


Mbalibali
22 Aprili 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Pasaka ilikuwa njema. Tulikula mbuzi wa shule ambaye kila mtu alidai amemchangia. Nimefurahi mama mkubwa anacheka, ila asicheke sana mpaka mshono uzoee.

Jumamosi nilikwenda Mugumu na ngozi zako zote kwenye mkoba. Elia, niliyesoma naye chuo, ana meza ya kutengenezea kompyuta pale karibu na stendi. Tulizijaribu moja moja kwenye mashine yake. Memori nilizifuta kwa kifutio cha penseli zile sehemu za dhahabu, zikafanya kazi. Pawa saplai inafanya kazi. Grafiksi kadi tuliitoa vumbi, ikafanya kazi na kuonyesha mpira mzima dakika tisini. Baba mkubwa, hakuna aliyekufa. Umewazika watu wanaopumua.

Ugonjwa ni joto. Mashine ikipata joto sana inajizima ili isiungue, na ndivyo ilivyotengenezwa. Angalia barua yako mwenyewe: kila ukiifungua inapona, ukiifunga inakaa siku chache inaugua tena. Dawa hukuiweka wewe, dawa ni hewa iliyoingia wakati imekaa wazi. Kwa hiyo narudia swali langu moja ambalo ulilipita kama hukuliona. Imefunikwa na nini?

Na kwa kuwa umeanza wewe na desturi, acha tuifuate mpaka mwisho. Mwenye ng'ombe akishapokea ngozi, hana tena la kudai. Mimi nimepokea memori, nimepokea pawa saplai, nimepokea grafiksi, na hadi diski ya zamani naona iko njiani. Tukiendelea hivi nitakuwa na ngozi kamili kwenye mkoba huku Mbalibali, na huko Nyamisangura atakuwa amesimama ng'ombe mzima aliyenona ambaye kila kiungo chake umekinunua wewe. Sisemi kwamba ndivyo ulivyopanga. Nasema ndivyo itakavyokuwa, na wewe ni mtu wa ofisi ya ardhi, unajua mali zinavyohamishwa taratibu.

Nimeisoma tena hiyo sentensi na nimeiacha.

Wasalimie wote.

Regina


Mbalibali
2 Juni 2025

Shikamoo baba mkubwa,

Mwezi umepita na zaidi. Basi la Mugumu linakuja kila siku na konda anatingisha kichwa akiniona. Nilimpigia baba, akasema mpo, mnakula, mnaendelea, na alisema kwa ile sauti yake ya kupita mbali na jambo. Kama mama mkubwa amezidiwa na hamniambii, hilo sitawasamehe.

Kuhusu ile sentensi ya ofisi ya ardhi. Niliona nimeandika kitu cha maana sana. Niliisoma kwa sauti peke yangu jikoni, nikajipongeza. Nilipotulia nikajua ni ujeuri, lakini barua ilikuwa imeshapanda basi. Mimi ni hodari wa kuwa na akili baada ya basi kuondoka. Nisamehe.

Na sasa niache kuzunguka, kwa sababu tabia hii ya kuzunguka nimeirithi na sitaki kuikuza. Uliniuliza lini. Naitaka kabla shule hazijafunguliwa Julai. Mwalimu Desderius ameshaandaa ratiba mbili, moja yenye somo langu na nyingine isiyo nalo, na ameibandika ile isiyo nalo. Sikukwambia wazi kwa sababu najua unaitumia kila siku, na nilitumaini utaisema wewe ili nisiwe mimi niliyekunyang'anya. Huo ni woga tu. Naitaka, baba mkubwa. Naomba sana.

Mwanao,
Regina


Nyamisangura
15 Juni 2025

Mwanangu Regina,

Marahaba. Mama yako mkubwa hajazidiwa. Anazidi kuwa na nguvu kila wiki na nguvu hizo nimezionja mimi. Mahindi tunavuna mwezi ujao. Ng'ombe mmoja wa baba yako amezaa dume. Sasa nikae chini nikujibu.

Imefunikwa na kitambaa cha kufuma.

Kicheke, halafu usome mbele. Mama yako mkubwa alipokuwa wodini Mwanza aliomba uzi. Akaniambia, "Kapime kompyuta ya Regina niifumie kitambaa, vumbi la Tarime litaimaliza." Nikarudi nikaipima kwa kamba, mbele, nyuma, ubavuni, juu. Regina, nimefanya kazi ya ramani maisha yangu yote. Nimerudisha ramani za watu kwa sababu chumba hakina dirisha, nimewaambia watu wazima mbele ya wake zao kwamba nyumba bila hewa ni kaburi. Na mimi huyo huyo nilipima kila tundu la hewa la mashine yako kwa uangalifu, nikapeleka vipimo, na likazibwa barabara. Kitambaa kilikaa kama ngozi ya mwili, cheupe, ukingo mwekundu. Feni ilikuwa inavuta uzi.

Nilianza kushuku tangu ile barua yako ya kwanza. Ndiyo maana nililiruka lile swali. Wakati anakifuma, daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia nisitegemee sana. Alinikabidhi kile kitambaa wodini nikajua nimekabidhiwa kitu cha mwisho. Halafu akapona, namshukuru Mungu, lakini kila asubuhi alikuwa anapita hapo mezani anakinyoosha. Ningemwambiaje kwamba anaua mashine? Nikaona ni rahisi kununua pawa saplai.

Barua yako ya Aprili ilifika mimi niko Turwa napima kiwanja. Akaifungua yeye, maana barua zako ni za wote. Nilirudi nikakuta mashine iko uchi na kitambaa kimekunjwa juu ya kiti changu. Kesho yake akaniuliza, "Ulikuwa unasubiri nini kuniambia?" Nikasema nilisubiri apone. Akasema, "Nipone, au nife?" Nikatoka kwenda kuwapa kuku maji. Siku hizo tulikuwa tunapeana sahani bila kutazamana. Ndiyo sababu hukupata barua. Nilikuwa nimeshindwa kuongea na mtu aliye chumba kimoja na mimi, ningeandikaje Mbalibali?

Ametulia sasa. Juzi alicheka peke yake jikoni, nikamsikia akisema "feni ilikuwa inavuta uzi", nikajua nimesamehewa, ingawa ataisimulia hadithi hii misibani mpaka tuondoke duniani.

Kuhusu ile sentensi yako, iliniuma. Sikupanga kukudhulumu. Lakini sitakudanganya, kila nilipoweka kipande kipya nilijisikia vizuri kuliko inavyotakiwa mtu ajisikie kwa kununua pawa saplai. Nilikuwa nauliza unaitaka lini na kuomba usijibu. Umejibu, na umefanya vizuri. Tangu ivuliwe haijajizima hata mara moja, kwa hiyo nakuletea ng'ombe mzima anayetembea. Inapanda basi Ijumaa, nitaikabidhi kwa konda mwenyewe. Mle ndani utakuta vyote nilivyonunua, sitoi hata kimoja. Ndama ni wa mwenye ng'ombe.

Baba yako mkubwa,
Nchagwa


Mbalibali
12 Julai 2025

Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa. Leo nawasalimu pamoja kwa kuwa mnaongea.

Imefika salama. Konda aliishusha mwenyewe mpaka kwenye bodaboda, na mwenye bodaboda aliifunga mgongoni kwa mpira wa kufungia magunia na kuendesha polepole mpaka baiskeli zikatupita. Nimemsimulia kila mtu habari ya feni na uzi. Mama mkubwa nisamehe, nilijaribu kuinyamazia nikashindwa.

Sasa sikia aibu yangu, tulingane. Jumanne darasa lilijaa. Kidato cha tatu wote, walimu wote, Mwalimu Desderius kwenye kiti cha mbele na ile ratiba mkononi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu teknolojia. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikawaambia wanafunzi kwamba fundi mzuri hana haraka. Nikachomoa kibodi nikachomeka, jambo ambalo halisaidii lolote na mimi nalifundisha kwamba halisaidii. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kasha nithibitishe kifo cha pawa saplai wakati Mwalimu Shani wa Kiswahili alipoinama nyuma na kuuliza kwa upole, "Na hiki kiswichi cha huku nacho kina kazi?" Kilikuwa na kazi. Nilikizima mimi mwenyewe nilipoipokea. Ilipowaka walipiga makofi, nafikiri zaidi kwa ajili ya Shani.

Ratiba imebadilishwa. Somo lipo. Ile manila nimeikunja. Kuna msichana wa kidato cha tatu alibonyeza herufi ya kwanza ya jina lake, akaiona kwenye skrini, akarudisha mkono haraka kama ameungua, akaniangalia. Niliangalia dirishani kidogo mpaka nikawa sawa.

Sasa mimi na wewe. Mwenye ng'ombe akija kumchukua ng'ombe wake, hamwachi mfugaji na zizi tupu, anamwachia mtamba wa kuanzia kundi lake. Nilikuwa nataka kukutania kwamba mtamba wako ninao kwenye mkoba, vile vipande vinne vilivyofufuka. Lakini bado nakosa kasha, bodi na prosesa. Elia anatafuta Mugumu, nikipata nafasi nitatafuta Mwanza. Siwezi kukwambia lini, na sitaki kukwambia lini halafu isiwe.

Nikiwasha ile mashine asubuhi nakuwa na furaha, na mara hiyo hiyo nakuona wewe. Unafanya nini siku nzima, baba mkubwa? Usinijibu kwamba mnaendelea vizuri.

Mwanao,
Regina


Nyamisangura
27 Julai 2025

Mwanangu Regina,

Marahaba mara mbili. Mahindi yameingia ndani, siyo mengi, siyo haba. Mama yako mkubwa amevuka barabara mpaka sokoni na kurudi na dagaa. Mwambie Mwalimu Shani kwamba namheshimu bila kumwona.

Umesema nisijibu kwamba tunaendelea vizuri, basi sijibu. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Kila asubuhi nikishamaliza chai miguu inanipeleka mezani yenyewe, nakaa, naweka mkono wa kulia pale penye mausi, hakuna mausi. Naangalia ukuta. Wateja wawili nimewapeleka kwa kijana wa steshenari ya chini, ambaye amewachorea nyumba zenye ngazi za kwenda mahali ambapo hakuna ghorofa. Nilisema nimestaafu sasa, safari hii kweli. Nilijiambia nitafuga kuku kwa mpango, nikaenda kuwatazama kuku, nao wakanitazama, tukaona hakuna jipya kati yetu. Nilikuwa naogopa siku hii tangu Februari, na ni kweli ni siku ya kuogopa. Mtu akishazoea kuulizwa "ramani yangu imefika wapi," ni kazi kuamka bila mtu wa kukuuliza.

Jana amekuja mama mmoja anaitwa Beatrice, anajenga Turwa, ameelekezwa kwangu na Mzee Nyangwine. Mimi nilikuwa hapo mezani nimekaa mbele ya mbao tupu, kalenda ya mwaka jana ikinitazama. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Nikamsikia akibisha, akauliza mzee yupo. Nikajiandaa kutoka kumwambia ile ya kijana wa steshenari.

Mama yako mkubwa akanitangulia. Alikuwa anaona kabisa pale nilipokaa, anaona na meza. Akamwambia, "Yupo, ila yuko kazini. Kaa hapo umsubiri kidogo."

Akamvutia kiti, akaanza kumuuliza habari za nyumbani kwao, polepole, kama mtu anayejua mzee ana kazi ya kumaliza. Regina, nililia kidogo, siyo sana, mzee wa umri wangu hana machozi ya kutosha. Kisha nikatafuta chini ya kitanda nikapata karatasi kubwa za ofisi, za njano pembeni, na rula yangu. Nikachonga penseli, nikamwita yule mama aingie.

Baba yako mkubwa aliye kazini,
Nchagwa Waitara